Mulango wa Shofere

Uligeuza uso. Usikatae, nilikuona.

Ilikuwa Jumanne, saa moja ya asubuhi. Landrova ya mama yangu ilipita mbele ya baraza lako, imejaa viazi vya Kpandroma. Upande wa shofere haukuwa na mulango. Kamba tu, imefungwa toka chuma cha mbele mpaka chuma cha nyuma, ili mama asimwagike barabarani kwenye kona. Weye ulikuwa unapiga mswaki. Ukatazama gari, ukatazama kamba, halafu ukainua kichwa na kuanza kuchunguza mabati ya nyumba yako, kama mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba yanavuja.

Kama si weye wa mswaki, basi weye ni yule wa nyuma ya pazia. Au yule aliyemwambia mke wake, "Hayo si mambo yetu." Bunia ni mji mdogo, tunajuana kwa migongo. Wanasema tuko na amani. Sawa, bunduki zimelala. Lakini amani hii imekaa juu ya vitu vya watu, na haitaki kusimama ili tuone imekalia nini.

Basi nitakueleza habari ya ile gari toka mwanzo, ili kesho usiseme hukujua.

Mama yangu anaitwa Kavira. Alikuja Bunia toka Butembo akiwa bibi-arusi, ameolewa na fundi wa magari anayeitwa Mbusa, ndiye baba yangu. Landrova baba aliinunua ikiwa maiti, kwa mzee mmoja muuza kahawa, akaifufua katika parsele yetu, kiwanja chetu pale mtaa wa Bigo, kwa mwaka mzima. Mama alikuwa anamshikia taa na kumpa kle, yaani spana. Baba akisema "treize", kle ya kumi na tatu iko mkononi kabla hajamaliza neno. Sukari ilipoanza kumla macho baba, akamfundisha mama kuendesha. Mama alikuwa na mguu mzito. Alikanyaga mafuta kama anakanyaga nyoka. Siku moja alirudi toka sokoni akakuta baba amechukua rangi nyeupe na kuandika kwenye mulango wa shofere, kwa herufi za kiganja kizima: POLEPOLE KAVIRA. Soko zima lilicheka. Mama pia alicheka. Baba akataka kufuta, mama akakataa.

Baba alikufa mwaka wa elfu mbili na moja. Mama akaendelea peke yake, mwanamke na Landrova: maharage na viazi toka Kpandroma, mihogo mpaka Nizi kwa wachimbaji wa dhahabu. Wanaume wa barabara ile walimcheka mwaka mmoja. Mwaka wa pili walianza kumwomba lifti.

Halafu vita ya Mei ya elfu mbili na tatu. Weye unaijua ile Mei, sitakupikia tena. Nitakueleza tu walichofanya watu kabla ya kukimbia, maana nacho kinasahauliwa: walizika vitu. Kila parsele ilikuwa na jembe linalofanya kazi. Watu walizika sahani za arusi, vichwa vya cherehani, panga, picha za ubatizo. Kila kitu cha chuma walikipaka mafuta ya mawese, mazito, ya kutosha, ili kutu isikile udongoni. Wazee wetu walihifadhi panga hivyo, na panga lilitoka linang'aa. Mama hakuwa na mafuta ya kuondoka na gari, na barabara ilikwisha fungwa. Akafungua kapo, bati la kufunika motere, akatoa pompi ya mazutu, ile inayogawa mafuta ya dizeli ndani ya motere. Nati tatu, mabomba manne. Alifanya haraka kuliko mtu anayechinja kuku.

"Gari bila pompi," aliniambia, "ni kama ng'ombe bila moyo. Watakula nyama yake, lakini haitawapeleka mahali."

Akaifunga kwa nguo na plastiki, akaondoa mafiga matatu ya jikoni, akachimba chini ya majivu, akaizika, akarudisha mafiga. Jioni ileile tukaondoka kwa miguu.

Tulirudi baada ya miezi kumi na minne. Nyumba ilikuwa na kuta. Gari ilikuwa na mifupa. Kiti cha mbele hakuna, kapo hakuna, magurudumu hakuna, demarere ya kuwashia hakuna. Mulango wa shofere hakuna. Na usiniambie ni waasi. Mwasi hachukui mulango mmoja. Mwasi hachukui kioo cha kujitazamia na jeki. Ni siye kwa siye. Walisema, "Hawa ni wakuja, watu wa Butembo. Hawatarudi." Kwa neno hilo moja, avenue nzima ilipita kwetu na bisibisi.

Mimi shule sikumaliza. Vita ilifunga darasa kabla yangu. Yaliyobaki nilisoma kwenye karatasi za kufungia karanga sokoni, na humo kulikuwa na kurasa za sheria, nyingi, zenye mafuta. Ndiyo sababu hapa Bigo wananiita Maître Karanga, wakili wa karanga. Waniite. Lakini karatasi zilinifundisha kukumbuka, na ndani ya juma moja nilijua kila kipande kiko wapi. Kapo ilikuwa paa la banda la kuku, nyumba ya tano. Jeki ilikuwa inashikilia kitanda. Kiti cha mbele kilikuwa ndani ya salon ya Muzee Étienne, katekista, kimefunikwa kitambaa cha maua. Demarere ilivuka mpaka ikaenda Uganda. Kila kitu nilikijua, isipokuwa mulango.

"Twende tukavichukue," nilimwambia mama.

"Nyamaza. Tunakaa na hawa watu."

"Wao wanakaa na vitu vyetu!"

"Nimesema nyamaza, Néhémie."

Nikanyamaza miaka sita. Kunyamaza kwangu unakujua: nilipiga kelele juu ya kila kitu kingine. Nilisimama sokoni na parapanda ya plastiki nikadai maji, nikadai barabara, nikadai majina ya waliokufa yaandikwe mahali. Na kila jioni nilirudi nyumbani, nikapita kando ya gari ya mama iliyosimama juu ya mawe manne, na kuku anatagia mahali pa shofere.

* * *

Mwaka huu wa elfu mbili na kumi ilizaliwa Kamati ya Avenue Nzuri. Iliishi miezi miwili tu, lakini ilikuwa na muhuri. Prezida wake alikuwa jirani yetu Delphin, mtu wa suruali iliyopigwa pasi. Karatasi ikabandikwa kwenye kila nguzo: kila gari isiyotembea kwa motere yake yenyewe ni chuma chakavu, na itabebwa na kamio, yaani lori, Jumamosi, saa tatu. Kamio ilikuwa ya nani? Ya shemeji yake Delphin, mnunuzi wa vyuma. Ona uzuri wa avenue.

Delphin akaja mwenyewe mpaka kwenye lango letu, Jumamosi moja kabla.

"Mama Néhémie, karatasi umeiona?"

"Nimeiona."

"Hii kitu yako inatuletea haya. Wageni wanapita."

"Wageni gani?"

"Wageni tu, mama. Kila avenue iko na wageni."

"Hii ni gari."

"Mama, gari inatembea. Hii inataga mayai."

Mimi nilikuwa nimekwisha shika nyundo. Mama aliweka mkono kifuani kwangu bila kunitazama.

"Saa tatu ya Jumamosi, papa?"

"Saa tatu kamili."

"Njoo na saa nzuri basi. Hiyo ya mkononi mwako imesimama toka Noeli."

Delphin alipoondoka, mama alienda jikoni, akamwaga maji juu ya moto uliokuwa na maharage, akaanza kuondoa mafiga.

"Unafanya nini, mama?"

"Leta jembe. Na uache nyundo, haujui kutumia nyundo ukiwa na hasira. Baba yako naye alikuwa hivyo, njo sababu mimi ndiye nilikuwa nashika nyundo."

Miaka sita alipika juu ya ile pompi. Kila mboga ya sombe, kila ugali niliokula nikipiga kelele kwamba hatuna kitu, ulipikwa juu yake. Hakuniambia hata mara moja kwamba angali anaitegemea. Nilidhani ameisahau, kwa hiyo nami nilijifanya nimeisahau.

Plastiki ilikuwa imekauka. Nguo ilitoka vipandevipande. Na ndani yake, badala ya pompi, kulikuwa na kitu kama jiwe la asali chafu. Mawese yaligeuka gundi, gundi ikageuka gamba. Kutu hakuna hata chembe. Lakini mama hakuwa amepaka nje tu. Alimimina mawese ndani pia, kwenye kila tundu, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Alishika mhimili wa pompi kwa vidole akajaribu kuuzungusha. Haukuzunguka. Akajaribu kwa koleo. Haukuzunguka.

Akakaa chini, kwenye majivu.

"Nilipaka kama panga," alisema. "Panga halina kitu ndani. Pompi ni ndani tu. Mbusa angenipiga kofi."

"Baba hakukupiga hata siku moja."

"Kwa hii angeanza."

Na akacheka, na machozi yakatoka, na sikujua ni ya kipi. Mimi nilisema tuibebe kwenye garaji, tuigonge, tuivunje gamba. Mama akasimama.

"Ukiigonga imekufa. Ndani mule vyuma viwili vinaingiana mpaka hata unywele haupiti. Hii kitu haitaki nguvu. Inataka moto mdogo na mutu mwenye subira. Mutu mwenye subira hatuna, basi utajifunza."

Tulifanya hivi: sufuria kubwa ya maji ya moto, na ndani yake beseni ya mazutu, na ndani ya mazutu ile pompi. Maji yakipoa, tunabadilisha. Moto hausogelei mazutu, maji ndiyo yanayobeba joto, kama vile unavyopasha uji wa mgonjwa. Kila baada ya muda, mama anashika mhimili kwa koleo, anaujaribu kulia, anaujaribu kushoto, taratibu, halafu anaurudisha. Jumapili, baada ya misa, hakuna. Jumatatu hakuna. Mazutu yalibadilika rangi, yakawa mekundu kama mchuzi. Tuliyamwaga, tukaweka mengine. Mimi katikati ya hayo nilikuwa chini ya gari, nasafisha tangi, nabadilisha mabomba yaliyoliwa na panya. Magurudumu manne nilikopa garajini, mawili yana meno na mawili ni vipara. Batri aliniazima Bibiane, yule dada anayechaji simu za watu pale kona. Haikuwa na nguvu za kuzungusha motere, na demarere yenyewe hatukuwa nayo. Lakini ilitosha kupasha buji, zile zinazotia joto motere ya mazutu asubuhi ya baridi. Kuwasha, tungesukuma.

"Utasukuma na nani?" Bibiane aliuliza.

"Na haki yangu."

"Haki yako iko na kilo ngapi, Maître?"

Jumatano, saa tisa ya mchana, niko chini ya shasi, nikasikia mama ameita jina la baba yangu. Si langu. Nikatoka mbio. Alikuwa ameshika pompi mapajani kama mtoto anayetoka kuoga, na mhimili unazunguka. Kwa shida, kwa kunung'unika, lakini unazunguka.

"Treize," alisema mama, akanyoosha mkono bila kunitazama.

Kle ilikuwa mkononi mwangu. Mhimili wa pompi ile una meno mengi na jino moja pana, nao hauingii mahali pake ila kwa namna moja tu. Mama hakutazama. Alifumba macho, akazungusha, akasikiliza, akasukuma. Ikaingia. Akafunga nati tatu. Miaka saba, na vidole vyake vilikuwa vinajua njia.

* * *

Sasa nitakueleza jambo langu mimi, ili usidhani najitoa katika hesabu.

Alhamisi nilienda kudai kiti. Mama alikataza. Niliondoka akiwa anatoa hewa kwenye mabomba, nikavuka avenue na maneno yangu yamepangwa: kifungu hiki, kifungu kile, na mwisho neno "mwizi" kwa sauti ya sokoni. Muzee Étienne akafungua yeye mwenyewe.

"Oo, mutoto wa Mbusa! Karibu, karibu. Gertrude! Leta chai, tuko na mugeni. Kaa, mwanangu, kaa."

Na akanionyesha mahali. Nikakaa. Nilikaa juu ya kiti cha mama yangu. Niliijua ile springi ya kushoto inayouma, ilikuwa inauma vilevile. Mama Gertrude akaleta chai ya maziwa na kikombe kizuri, kile cha wageni. Aliniuliza habari ya nyumbani. Alikohoa sana, akaniomba samahani kwa kukohoa. Muzee akanieleza habari ya mafundisho ya watoto wa komunyo. Mimi, Maître Karanga, niliyewapigia kelele maofisa mbele ya walinzi wao, nilikunywa chai, nikasema asante, nikasimama, nikatoka. Neno "mwizi" nilirudi nalo mdomoni.

Lakini nilipofika mlangoni, nilitazama kitambaa cha maua, na Muzee aliona nikikitazama. Akageuza uso. Nami nikageuza wangu. Tuliachana hivyo, mgongo kwa mgongo, kama watu wawili waliokutana mahali pasipofaa.

Nyumbani mama alinipa bisibisi.

"Chai ilikuwa na sukari?" aliuliza. Basi.

* * *

Jumamosi kamio ilifika kabla ya saa tatu. Wabebaji watatu walishuka na kamba na nyaya. Delphin alikuwa na saa mpya mkononi. Uongo sisemi, alitafuta saa mpya kwa ajili ya mama yangu.

Mama alikuwa amekwisha kaa kwenye usukani, juu ya kreti ya bia, kitambaa kichwani, viatu vya kanisani miguuni. Hakuna kapo: motere ilikuwa wazi, kila mtu aione. Parsele yetu iko sawasawa mpaka langoni, na kutoka langoni kuna mita thelathini hivi za tambarare kabla ya muteremuko. Mita thelathini. Ndizo zilizokuwa kati ya mama yangu na shemeji wa Delphin. Gari ikifika kwenye muteremuko, inaweza kuwaka. Isipofika, ni chuma.

Nikaweka bega nyuma, nikasukuma. Landrova ikatoka langoni kwa sababu pale pana kamteremuko kadogo, nikafurahi, halafu ikasimama. Nikasukuma. Ikaenda kiganja kimoja, ikarudi kiganja kimoja.

"Inatembea!" Delphin akapiga makofi. "Mbele na nyuma, kama dansi!"

Wabebaji wakacheka. Na avenue? Avenue ilikuwa nyuma ya uzio. Niliona macho katikati ya matete. Niliona pazia linatikisika bila upepo. Watu arobaini, labda, na hakuna mtu. Ndipo nilipasuka. Nilipanda juu ya gurudumu nikaanza kuita, bila parapanda:

"Nyumba ya tano, kapo yetu inafunika kuku wako! Nyumba ya nane, jeki yetu inashika kitanda chako, na usiku unalala vizuri! Weye wa lango la buluu, kioo chetu—"

"Néhémie!" Mama hakupiga kelele. "Shuka. Kinywa hakisukumi gari."

"Lakini mama, wanatuangalia tu!"

"Basi wakuone ukisukuma."

Nikashuka. Nikasukuma. Viatu vyangu vilichimba udongo. Delphin akatazama saa yake mpya na kuinua mkono ili wabebaji wafunge kamba.

Ndipo lango la ng'ambo likafunguka.

Muzee Étienne alitoka na kiti kichwani. Kiti chenyewe, bila kitambaa cha maua. Nyuma yake Mama Gertrude, na kikohozi chake, amebeba egemeo mikononi. Walivuka avenue mbele ya macho yote. Muzee akafika kwa mama, akatua mzigo.

"Mama Kavira. Hiki kiti ni chako."

"Najua, Muzee."

"Nimefundisha watoto amri ya saba miaka saba. Usiibe. Nikiwa nimekaa juu yake."

"Kilikuwa kinakuuma upande wa kushoto?"

"Kila siku, mama."

"Njo springi. Mbusa hakupata nafasi ya kuitengeneza."

Wakatoa kreti, wakaweka kiti. Muzee akavua koti la kanisa, akalikunja, akampa Gertrude, akaja kusimama kando yangu na kuweka mikono kwenye bati. Mzee wa miaka sabini, ana mikono ya chaki. Lakini gari ikasogea hatua mbili na haikurudi. Bibiane akaacha simu zake akaja. Mwanaume wa nyumba ya nane akatoka, anatazama chini. Wa lango la buluu akatoka. Hata mmoja wa wabebaji, kwa mazoea ya kazi, aliona watu wanasukuma akaweka bega. Delphin akamwita jina lake mara tatu.

"Nakuja, prezida! Nasukuma kidogo tu!"

Mita thelathini zikaisha. Landrova ikainama kwenye muteremuko, ikatutoka mikononi. Mama akaiachia ishike mbio, akaweka gia ya pili, akainua mguu kwenye ambreyaji, ile klachi. Gari ikaruka, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Akarudia. Moshi, kikohozi, kimya. Chini kule muteremuko ulikuwa unakwisha. Nilisikia Muzee anaomba Mungu kwa Kilatini. Mara ya tatu, sijui alifanya nini. Aliniambia baadaye kwamba hakufanya kitu, alikumbuka tu yaliyoandikwa kwenye mulango, akainua mguu polepole. Gari ikakohoa, ikakohoa, ikanguruma. Moshi ukawa mweusi, ukanuka mawese, avenue nzima ikanuka kama jikoni ya sikukuu.

Akageuza kule chini, akapanda muteremuko kwa motere yake yenyewe, akasimama pua kwa pua na kamio.

"Papa Delphin! Ni saa ngapi kwenye saa yako?"

Delphin akashusha mkono wa shati juu ya saa.

"Andika basi kwenye karatasi yako: inatembea. Na ukitaka lifti, panda nyuma. Mbele kiti kimejaa."

* * *

Kuanzia asubuhi iliyofuata, vitu vilianza kujirudisha. Tuliamka tukakuta jeki langoni. Siku nyingine kioo, kimesafishwa. Kapo ilikuja na mavi ya kuku yamekauka juu yake, na chini yake mayai sita ndani ya majani. Mama hakuuliza nani. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Asante kwa aliyebeba." Demarere tulitafuta nyingine. Leo gari inawaka kwa ufunguo, na Jumanne na Ijumaa inapita mbele yako.

Kila kitu kimerudi, isipokuwa mulango wa shofere.

Mafundi waliniambia tukate bati tutengeneze mwingine. Mama akakataa. "Mulango uko. Haujafa. Uko kwa mutu." Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, ni yeye anayekataa kunyamaza na mimi ndiye ninayeomba tumalize. Maana nimeona ile kamba. Juma lililopita, kwenye matope ya njia ya Nizi, gari iliserereka, na mama alitupwa upande wa nje. Kamba ilimshika hapa, kwenye mbavu. Iliacha alama ya buluu yenye upana wa vidole viwili. Ana miaka hamsini na nane. Kamba nayo inazeeka, na mvua za Oktoba zimeanza.

Sasa tazama huku. Ule mulango ninajua kazi unayofanya, maana mlango wa bati lisilooza, wa urefu wa kifua, una kazi moja tu katika parsele ya Bunia. Umeufunga kwenye nafasi yako ya kuoga. Kila asubuhi unavua nguo, unauvuta, unajimwagia maji, na mbele ya macho yako kuna herufi nyeupe ambazo hukuweza kuzikwangua: POLEPOLE KAVIRA. Miaka saba unajificha uchi wako nyuma ya jina la mama yangu.

Na weye usiye na mulango, usipumue bado. Umeoga kwa jirani. Umezisoma zile herufi. Unajua ni parsele gani.

Ijumaa ni kesho. Saa kumi na moja ya asubuhi mama ataondoka kwenda Kpandroma. Weka sabuni chini. Vaa. Chukua kle ya kumi na tatu, bawaba ni mbili tu. Toa mulango, uweke kichwani, upite nao katikati ya avenue leo, mchana, watu wakiona, kama Muzee Étienne alivyopita. Na weye jirani, shika upande wa pili, ni mzito kwa mtu mmoja. Lango letu liko wazi, mimi nimesimama hapa na nati mkononi.

Usimalize kusoma umekaa. Simama. Leta mulango.